Oksijeni ya Basi la Arusha

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimelisema hilo mbele ya watu wengi, wengine wenye digrii, na hakuna aliyenipinga akashinda. Nilishuka Babati na begi la nailoni, nyundo moja, na elimu ya darasa la nne ambayo hata hiyo sikuimaliza vizuri. Leo nina gereji barabara ya kwenda Bonga, nyumba mbili Bagara na ekari sita za mahindi Sigino. Nimeona lori likishuka mteremko bila dereva na kujipaki lenyewe. Nimeona mganga wa kienyeji akidai risiti. Nimemwona mzee wa kanisa akitokwa machozi kwa ajili ya giaboksi. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Fundi, kaa chini kwanza ndiyo nikueleze," huwa namjibu kwamba nitasikiliza nikiwa nimesimama.

Haya ninayoyaandika yalitokea mkoa wetu ukiwa bado mpya, unanukia rangi. Kila wiki walishuka watu na makabati yao ya ofisi, kila mtu akitaka chumba, kila chumba kikitaka mlango, na kila mlango ukitaka fundi. Wenzangu walikwenda kuiomba serikali kazi. Mimi serikali ilinifuata gereji.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana si kila mtu amebahatika kuwa fundi. Kuchomelea kwa gesi kunataka vitu viwili. Cha kwanza ni oksijeni, inayokuja ndani ya mtungi mrefu wa chuma kutoka Arusha. Cha pili ni gesi ya kuwaka, na hiyo nilikuwa naitengeneza mwenyewe: unatia mawe ya kijivu yanayoitwa kabaidi ndani ya pipa, unayadondoshea maji, yanachemka kwa hasira, na gesi inatoka na harufu kama kitunguu saumu kilichooza. Mipira miwili, mmoja wa oksijeni na mmoja wa gesi, inakutana kwenye bomba la shaba mkononi mwa fundi, na hapo unapata moto unaoyeyusha bati kama samli.

Mitungi yangu ililetwa na basi moja tu. Makondakta wa mabasi mengine walisema mtungi ni bomu lililolala, wakakataa hata kuugusa. Mwenye basi lile alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, mnene wa mwili na mwembamba wa maneno, na tulikuwa na mapatano: yeye ananibebea mtungi, mimi basi lake likiharibika naliweka mbele ya kazi zote.

Likaharibika. Ilikuwa Jumatano. Barabara ya Arusha wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na ubavu wa kulia wa basi ulikuwa umetoboka kama chujio la chai. Sakafu ndiyo usiseme, abiria wa viti vya nyuma walikuwa wanaona safari kwa chini. Mama alitaka basi lirudi barabarani Jumatatu asubuhi. Tukang'oa viti tukavipanga nje ya gereji, naye akakalia kimoja, mkoba mapajani, akiangalia kama mtu anayesubiri kufika.

"Fundi, una vifaa vya kutosha?"

"Mama, unaniuliza mimi?"

"Nimekuuliza wewe. Hapa hakuna mwingine."

Nilikuwa na kopo la kabaidi kilo kumi kamili, halijafunguliwa, na mtungi mmoja wa oksijeni ulioanza kutumika. Msomaji mwenye akili ameshaona hatari ilipo. Mtungi ukiisha, basi la kuleta mwingine ndilo hilo lililolala gerejini halina ubavu. Mimi sikuiona, kwa sababu nilikuwa na njia yangu ya kupima. Nilikuwa nachukua spana namba kumi na tisa, nagonga mtungi begani, natega sikio. Ukiwa umeshiba unatoa sauti fupi, ya kiburi. Ukiwa na njaa unaimba. Geji ya kuonyesha mgandamizo ilikuwepo, mpya, inafanya kazi, lakini niliichukulia kama miwani: ni kwa wale ambao macho yamewachoka.

Nikagonga. Sauti fupi. Nikauinua kidogo kwa goti. Mzito. Nikamwambia mama, "Huu utabaki. Kabaidi ndiyo itaisha kwanza, na kabaidi ipo dukani hapa hapa mjini."

Alhamisi asubuhi akaja binti yangu.

Hapa lazima niseme ukweli mmoja unaoniuma kidogo. Binti yangu alikuwa Kidato cha Tatu, yuko nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Shuleni kwao, aliyetaka kuacha kemia aende mkondo wa biashara aliruhusiwa, alimradi alete fomu yenye sahihi ya mzazi, mwisho Jumatatu ya kufungua shule. Fomu hiyo hakuileta yeye. Niliifuata mwenyewe shuleni, nimevaa koti, nikaiweka mfuko wa shati. Nilitaka aje kukaa ofisini kwangu, aandike risiti, ajue nani ananiibia. Kemia mimi niliijua kwa jina tu, na kitu nikikijua kwa jina tu huwa nakitilia shaka. Tena, alipokuwa akisoma somo hilo jioni, sikuwa na la kumuuliza. Hisabati za shule ya msingi nilizimudu mpaka darasa la nne lilipoishia. Kiswahili nilimudu. Kemia ilinifungia mlango nje ya nyumba niliyoijenga mimi.

Alikuja na chupa ya chai, daftari na uso mkavu.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Mama."

"Marahaba," tukajibu wote wawili.

"Umekuja kuiaga kemia?" nikamuuliza.

"Nimekuja kufanya maswali. Mwalimu ametupa kumi, yote ya gesi. Nimekwama namba saba."

"Ndiyo kazi yake hiyo, kukwamisha watu. Biashara haijamkwamisha mtu."

"Mimi ni mfanyabiashara," mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "na nimekwama hapa tangu jana."

Binti hakucheka. Alikuwa anauzunguka mtungi wangu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Akainama akasoma namba iliyogongwa begani.

"Baba, hii arobaini ni nini?"

"Namba ya mtungi."

"Ni lita. Ukiujaza maji zinaingia lita arobaini." Akatazama geji. "Na hapa inasoma hamsini. Maana yake oksijeni imeshindiliwa mara hamsini. Ukiiachia yote nje itakuwa lita elfu mbili."

Miaka yote niliyokuwa nikiuona mtungi wa namna ile, nilidhani arobaini ni kama namba ya jezi. Sikusema hivyo. Nilisema, "Endelea, tuone unakokwenda."

Sisi mafundi tunaandika vipimo kwa chaki moja kwa moja kwenye bati. Binti yangu ameyaona hayo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Akachukua chaki kwenye kasha langu, akalisogelea basi ubavuni, kwenye bati jipya nililokuwa nimelishikiza, akaanza kuandika. Herufi na namba, mishale, mistari. Mama mwenye basi akainuka nusu.

"Anaandika nini kwenye mali yangu?"

"Inafutika, Mama," binti akasema bila kugeuka. Kisha akanieleza, na nakiri alieleza vizuri kuliko mhubiri. Alisema gesi hazina makuu. Huna haja ya kuzipima kwa mizani. Zikiwa kwenye joto moja na mgandamizo mmoja, unahesabu lita kwa lita. Gesi ya kabaidi ikiungua yote, kila lita mbili zake zinakula lita tano za oksijeni. Basi unatazama ulichonacho: ipi itaisha kwanza. Inayoisha kwanza ndiyo inayoamua kazi itakoma wapi, na nyingine itabaki imekaa tu. Kitabuni ina jina refu la Kiingereza. Mimi nikaiita mkwamishaji, na mpaka leo naiita hivyo.

"Lita elfu mbili za oksijeni zitaunguza lita mia nane tu za gesi yako. Na lita mia nane zinatokana na kabaidi kilo mbili na gramu mia moja thelathini na tatu."

"Na tatu," nikasema. "Hizo tatu umezionea wapi?"

"Kwenye hesabu. Kwa hiyo oksijeni itaisha kwanza, Baba. Na kwenye kopo zitabaki kilo saba na gramu mia nane sitini na saba."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tairi. Nikamwambia mtungi huu watu wawili waliushusha wakitokwa jasho, auinue mwenyewe aone kama kilo mbili za mawe zinaweza kuumaliza.

"Jasho ni la chuma, Baba. Hata mtungi mtupu utawatoa jasho."

Mama mwenye basi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, na hilo ndilo lililoniharibia. Mtu akinicheka mbele ya mteja natoa maneno kabla sijayapima. Nikatoa fomu mfukoni, nikaiweka juu ya kasha la vifaa, nikaweka spana juu yake.

"Haya. Fomu hii hapa. Kabaidi ikiisha kwanza, naweka sahihi, unakwenda biashara na kemia tunaisahau. Oksijeni ikiisha kwanza, kama ulivyosema, unabaki na kemia yako, na orodha nzima ya vifaa aliyoandika mwalimu nanunua."

"Na zile kilo?" akauliza.

"Na zile kilo ziwe kama ulivyosema. Mpaka zile tatu."

Chaki ilimvunjikia mkononi. Mama akaombwa awe mwamuzi. Akakubali kwa sharti moja: basi likichelewa kwa sababu ya oksijeni, gari la kuifuata Arusha nalipa mimi. Nikasema hata kama ni ndege.

Tukaazima mizani ya muuza mahindi wa jirani. Kila nilipotaka kujaza pipa, binti alipima kilo moja kamili, mama anashuhudia, binti anaweka mstari wa chaki ubavuni mwa basi, upande wa ndani. Nikawasha. Nachomelea vizuri, sijivuni, ni kweli tu. Mshono wangu ukiupitisha kidole hauusikii. Kilo ya kwanza ikaisha kabla ya saa tano. Ya pili ikaisha tunakula mchana. Nikaweka ya tatu, na macho yangu kwa binti.

"Gramu mia moja thelathini na tatu," nikasema.

Nusu ya kilo ya tatu ikapita, moto bado uko bluu. Kilo ya tatu ikaisha. Geji ilikuwa inashuka, lakini polepole, kama mzee anayeshuka ngazi. Nikaanza kupiga mluzi. Mama mwenye basi akamwita binti, akamkalisha kiti cha pembeni yake, akampa chungwa. Naliona lile chungwa mpaka leo. Hakulimenya.

Jioni tuliacha kazi tukiwa tumemaliza kilo nne. Nyumbani, mke wangu aliniwekea ugali na kipande cha nyama chenye mfupa mtupu.

Ijumaa asubuhi kilo ya tano ikaingia, ikaisha. Sasa nilikuwa naimba kabisa, na sauti yangu si ya kwaya. Fomu ilikuwa pale pale chini ya spana. Binti alikuwa amesimama mbele ya hesabu zake ubavuni mwa basi, anazisoma kuanzia juu hadi chini, halafu tena, kama mtu aliyeandikiwa barua asiyoitaka.

Kilo ya sita ilikuwa haijafika mwisho moto ulipobadilika. Ukawa wa njano, mrefu, unatoa masizi meusi kama nywele. Nikafanya anachofanya kila fundi: nikaongeza maji kwenye pipa, gesi ikaja zaidi, masizi yakazidi. Nikagonga mtungi kwa spana. Ukaimba. Geji ilikuwa imelala sifuri. Mtungi wenyewe nikaujaribu kwa goti, na nathibitisha kwamba ulikuwa mzito vile vile.

Kopo lilikuwa na kilo nne, hazijaguswa.

Ubavu wa basi ulikuwa umefungwa robo tatu, na kipande kilichobaki kinaning'inia kama sikio.

"Oksijeni imeisha kwanza," mama akasema.

"Lakini kilo zimebaki nne, si saba na kitu," nikasema. "Mapatano yalikuwa yote mawili."

"Ni kweli," binti akasema, taratibu. "Nimekosea." Akainua mkono kutaka kufuta.

Hapo ningeweza kunyamaza. Nimefikiria mara nyingi kwamba ningenyamaza tu, nikachukua kalamu, ningekuwa na karani leo. Lakini mimi sijaweza kunyamaza nikiwa na jambo la kuwafundisha watu. Nikamwambia, "Tatizo la vitabu ni kwamba aliyeandika hajawahi kuchomelea. Lita tano kwa mbili, nani anachomelea hivyo? Utaunguza bati lote. Mimi naachia nusu kwa nusu siku zote. Oksijeni moja, gesi moja."

Mkono wake ukabaki hewani. "Nusu kwa nusu?"

"Ndiyo moto wa katikati. Muulize fundi yeyote."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Hukuuliza. Ulikuwa na kitabu."

"Basi gesi inaunguaje yote? Inapungukiwa. Kwa kila mbili inapungukiwa tatu. Hizo tatu inazitoa wapi?"

"Kwani mimi naizuia? Moto unapumua. Ndiyo maana nikichomelea ndani ya tangi la maji moto unapoteza nguvu, unakuwa mchafu, hata mimi nakosa pumzi. Lazima utoe mfuniko, hewa iingie."

Akanitazama kama vile nimezungumza Kichina na yeye amekielewa. Akafuta tano kwa kiganja. Akaandika mbili, alama ya kujumlisha, tatu, na juu ya tatu akaandika neno HEWA kwa herufi kubwa. Kisha akashuka nayo, mkono unakimbia. Lita elfu mbili za oksijeni, lita elfu mbili za gesi. Kabaidi kilo tano na gramu mia tatu thelathini na tatu.

"Kulikuwa na mtungi wa pili," akasema, "na hakuna aliyeuhesabu. Wewe ulikuwa unautumia bure."

"Tumetumia karibu kilo sita," nikasema, maana sikuwa tayari. "Hiyo nusu na zaidi iko wapi?"

"Mawe mengine si safi." Akasita. "Na mpira wako unavuja."

"Mpira wangu hauvuji."

Mama mwenye basi akamwita mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, akaomba maji ya sabuni. Tukaupaka mpira wa gesi kuanzia pipani, na mawe yale yalikuwa bado yanachemka. Karibu na kifungo kinachoubana mpira kwenye bomba, mapovu yakatoka, madogo, mengi, yanapanda moja juu ya jingine. Niliyatazama muda mrefu. Siwezi kusema nilishangaa. Niseme nilikaa chini.

"Mwamuzi ataamua," binti akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama akachukua muda wake. Akafunga mkoba, akaufungua, akaufunga. "Mimi kemia sijui," akasema. "Nilichokiona ni kwamba mtoto alisema itaisha oksijeni, wewe ukasema itabaki, ikaisha. Kilo alikosea, akajisahihisha kwa kile ulichomwambia wewe. Sasa fundi, jibu lenu ni moja mmelipata wawili. Ukilikataa lake unakataa na lako."

Nimewahi kubishana na matajiri, na maofisa, na askari wa barabarani, lakini kwa hilo sikuona pa kushika. Nikatoa spana juu ya fomu. Nikamkabidhi binti ikiwa haina hata doa la kalamu. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya daftari kwenye swali namba saba, akamenya chungwa la jana na kunipa nusu.

Mchana ule ule nikakodi pikapu kwenda Arusha na mtungi mtupu, na wanaume wawili waliupandisha wakitokwa jasho. Jumamosi jioni ikarudi. Jumapili baada ya ibada nikamaliza ubavu, na moto niliuachia nusu kwa nusu, nikiwa najua sasa anayeniongezea ni nani. Jumatatu basi likaondoka. Rangi tulipaka kwa nje tu, kwa hiyo upande wa ndani, nyuma ya kiti cha mwisho, palibaki mistari sita ya chaki ambayo hakuna aliyejali kuifuta.

Binti akaenda shule na orodha yangu ya ununuzi imetimia: kitabu, koti jeupe la maabara, kalkuleta yenye vitufe vingi kuliko nilivyoona faida yake, na mchango wa vitendo. Ukiweka na pikapu, na oksijeni mpya, na mpira mpya wa gesi ambao niliununua nikiwa nimegeuza uso, yeye mwenyewe ndiye aliyejumlisha kwa kalkuleta ile, akairudia mara mbili mbele yangu ili nisije nikasema amekosea: shilingi laki moja, elfu arobaini na mbili na mia tano.